Fahamu: Magneta ni nyota ya aina gani, na kwa nini mojawapo ina jina la Uhuru?

Wakazi wa Temeke wanaufahamu vizuri Uwanja wa Uhuru. Hapo ndipo, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliposhushwa na ya Tanganyika ikapandishwa. Neno hilohilo limeandikwa pia mahali ambapo wengi wetu hatukulitarajia: katika orodha za nyota zinazotumiwa na wataalamu wa elimu ya anga dunia nzima.

Ipo nyota moja isiyoonekana kwa macho, inayoitwa 4U 0142+61. Nambari 4 maana yake ni orodha ya nne. Herufi U ni Uhuru. Tarakimu zinazofuata ni anwani yake angani, mfano wa namba ya kitalu na kiwanja. Nyota hiyo ni ya kundi linaloitwa magneta, nyota zenye sumaku kali kuliko kitu kingine chochote kinachojulikana, na inatoa eksirei, mionzi ya jamaa moja na ile inayotumika kupiga picha ya kifua hospitalini.

Likitajwa neno mionzi, watu huuliza mambo mawili: inatokana na nini, na je, inadhuru? Tutayajibu yote mawili. Lakini kwanza tueleze Uhuru iliingiaje humo, kwa sababu habari hiyo inaanzia kwenye pwani yetu ya Waswahili.

Ngomeni, Desemba 1970

Eksirei zinazotoka angani hazifiki ardhini. Angahewa tunayoivuta kila siku huzinyonya zote huko juu. Ndiyo maana wahenga wetu waliijua Kilimia na nyota za kuongozea majahazi, lakini hakuna binadamu aliyejua kwamba mbingu ina nyota zinazong'aa kwa eksirei. Kuzijua kulihitaji kupanda juu ya hewa.

Mwezi Juni 1962, kikundi cha wanasayansi kilichoongozwa na Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyekuwa akifanya kazi Marekani, kilirusha roketi ndogo iliyokaa juu ya hewa kwa dakika chache tu. Dakika hizo zilitosha kukuta chanzo kikali cha eksirei upande wa kundi la nyota la Nge. Roketi ikaanguka, kazi ikaisha. Kilichotakiwa sasa ni chombo cha kukaa huko juu miezi na miaka.

Wakati huo Wataliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini ya Malindi nchini Kenya. Yalifanana na majukwaa ya kuchimbia mafuta. Moja liliitwa San Marco, jingine Santa Rita. Setilaiti ya kwanza iliondoka hapo tarehe 26 Aprili 1967.

Kwa nini waje hadi huku? Sababu ya kwanza ni ikweta. Dunia inapojizungusha, mtu aliye karibu na ikweta anabebwa kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 460 hivi kila sekunde bila kuhisi. Roketi ikirushwa kutoka hapo kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure, hivyo roketi ndogo inaweza kubeba mzigo mkubwa zaidi. Sababu ya pili ni Bahari ya Hindi: roketi ikiharibika inaanguka majini, si juu ya paa la mtu. Ya tatu ndiyo muhimu zaidi kwa habari yetu. Setilaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa kwa sehemu kubwa eneo lililo juu ya Atlantiki ya kusini, ambako chembe za umeme kutoka angani hushuka karibu na dunia na kuvuruga vipimo vya eksirei. Chombo kinachosikiliza kitu dhaifu hakitaki makelele.

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya shirika la anga la Marekani, NASA, iliondoka kwenye jukwaa la San Marco juu ya roketi aina ya Scout. Siku hiyo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya uhuru. Kwenye makaratasi setilaiti ilikuwa na jina la kiofisi, SAS-1. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyesimamia mradi huo, ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa kuwashukuru watu wa Kenya kwa ukarimu wao. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 na ushei, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi ya eksirei za angani peke yake.

Uhuru haikuwa na kioo wala kamera. Ilikuwa na masanduku mawili ya gesi, yanayotazama pande mbili tofauti. Eksirei ikiingia kwenye gesi, umeme kidogo unatokea, chombo kinahesabu moja. Setilaiti ilijizungusha taratibu, mara moja kwa dakika kumi na mbili hivi, ikifagia mbingu kama mtu anayemulika uwanja kwa tochi. Ilifanya kazi hadi Machi 1973. Orodha ya mwisho ya ilivyoviona, ile ya nne, ilichapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Giacconi alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002.

Kwa maoni yetu hii ni moja ya habari za Afrika Mashariki zinazosimuliwa kidogo kuliko zinavyostahili. Wanafunzi wanafundishwa mwaka mtu alipofika mwezini. Ni wachache wanaoambiwa kwamba mwaka uliofuata, elimu nzima ya nyota za eksirei ilifunguliwa kutoka Ngomeni, kwa neno la Kiswahili.

Jiwe la kutosha kati ya Mbagala na Mbezi Beach

Nyota kubwa, yenye uzito mara nane au zaidi ya Jua letu, ikimaliza nishati yake, kiini chake huporomoka ndani kwa ndani na sehemu ya nje hulipuka. Mara nyingi kinachobaki ni nyota ya nyutroni. Ni mpira wenye upana wa kilomita 20 hadi 25 tu, lakini uzito wake unalizidi Jua zima.

Chukua ramani ya Dar es Salaam. Ukiweka ukingo mmoja wa nyota hiyo Mbagala, wilayani Temeke, ukingo wa pili utaishia maeneo ya Mbezi Beach, wilayani Kinondoni, bila kufika Bunju. Mwendo wa daladala mbili. Kijiko kimoja cha chai cha mata yake kina uzito wa mabilioni ya tani.

Nyota inapoporomoka hivyo mambo mawili huongezeka. Kasi ya kujizungusha inapanda, mfano wa mchezaji wa ngoma anayezunguka kisha akakunja mikono kifuani. Na sumaku iliyokuwa imetawanyika kwenye nyota kubwa inabanwa kwenye kitu kidogo, inakuwa kali mno.

Ukali wa sumaku hupimwa kwa gausi. Sumaku ya dunia, ile inayogeuza dira, haifiki hata gausi moja. Mashine za MRI za hospitali, ambazo ukiingia na funguo mfukoni zinaweza kuzing'oa, zina gausi 15,000 hadi 30,000. Nyota ya nyutroni ya kawaida ina gausi trilioni moja hivi. Magneta ina trilioni mia moja hadi trilioni elfu moja. Hadi sasa zinazojulikana ni thelathini hivi tu.

Taa inawaka kwa nguvu ya nani?

Hili ndilo swali lililowasumbua wataalamu kwa miaka mingi, na ndilo lenye utamu. Nyota ya nyutroni imekufa. Haina tena moto wa ndani unaowasha nyota za kawaida. Ikitoa eksirei, nguvu inatoka wapi?

Njia ya kwanza ni ile ya dainamo ya baiskeli. Ukiwasha taa kwa dainamo, pedali inakuwa nzito, kwa sababu taa inakula mwendo wako. Nyota nyingi za nyutroni huwaka hivyo: zinajizungusha, sumaku inazalisha umeme, na kidogo kidogo mzunguko unapungua.

Njia ya pili iligunduliwa na Uhuru yenyewe. Mwaka 1971 ilikuta kwamba chanzo kinachoitwa Centaurus X-3 kinamweka kila baada ya sekunde 4.8, na kwamba kila baada ya siku mbili hivi kinapotea kabisa kisha kinarudi. Maelezo yake: ni nyota ya nyutroni inayozunguka nyota nyingine kubwa, na ikipita nyuma yake tunaikosa. Gesi ya yule mkubwa inavutwa, inaongozwa na sumaku hadi kwenye ncha za nyota ndogo, na inaanguka kwa kasi inayokaribia nusu ya kasi ya mwanga. Mhunzi anajua kwamba chuma kikigongwa sana kinapata moto. Gesi hiyo inagonga kwa nguvu hata inawaka eksirei. Uhuru ikakuta nyingine ya namna hiyo, Hercules X-1, inayomweka kila sekunde 1.24.

Baada ya hapo ilionekana jibu limepatikana: ukiona nyota ya nyutroni inawaka eksirei, mtafute jirani anayeilisha.

Lakini 4U 0142+61 ilikataa kuingia kwenye jibu hilo. Katika orodha ya Uhuru ilikuwa namba tu kati ya namba. Mwaka 1994 wanasayansi walipopitia upya vipimo vya setilaiti ya Ulaya iitwayo EXOSAT, vilivyochukuliwa mwaka 1984, walikuta inamweka kila baada ya sekunde 8.7. Kwa hiyo ni nyota ya nyutroni. Jirani je? Wakatafuta, hakuna. Dainamo je? Mzunguko wake kweli unapungua, lakini walipopiga hesabu, nguvu inayopotea kwenye mzunguko ni ndogo karibu mara elfu moja kuliko eksirei zinazotoka. Ni sawa na kukuta baiskeli inakwenda taratibu huku taa yake inamulika uwanja mzima wa mpira. Lazima kuna betri mahali.

Betri hiyo ni sumaku yenyewe. Mwaka 1992 Robert Duncan na Christopher Thompson walikuwa wameandika kwamba nyota za nyutroni zenye sumaku kali kupita kiasi zinaweza kuwepo, na ndio walioziita magneta. Mwaka 1998 kikundi kilichoongozwa na Chryssa Kouveliotou kilipima nyota nyingine, SGR 1806-20, kikaona mzunguko wake unapungua haraka kiasi kwamba sumaku kali namna hiyo tu ndiyo ingeweza kuushika breki.

Kinachotokea ndani ni hiki. Sumaku haitulii. Inasogea, inajipinda, inavuta ganda la nyota huku na huku. Chukua waya, uupinde na kuunyoosha mara nyingi mahali pamoja, kisha uguse: una moto. Ganda la magneta linapindwa hivyo kwa maelfu ya miaka, na uso wake una joto la nyuzi milioni nne hadi tano. Kitu chenye joto hilo hakitoi mwanga mwekundu kama kaa la moto. Kinatoa eksirei.

Mkia uliowashangaza wataalamu

Eksirei hazifanani. Zipo laini na zipo kali, na kipimo chake ni kilo-elektronivolti. Tusiogope neno hilo refu. Mashine ya hospitali ya kupiga picha za mwili huendeshwa kwa umeme wa kilovolti 60 hadi 120 hivi, na eksirei zake hufika takribani kiwango hichohicho. Hizo ni kali, ndiyo maana zinapenya nyama na kuacha picha ya mfupa. Uhuru ilikuwa inapima kuanzia 2 hadi 20.

Eksirei zinazotokana na joto la uso wa magneta huanza kufifia mapema, na zikikaribia 10 zimebaki chache. Kila mtu alitarajia kwamba baada ya hapo ni kimya. Kuanzia mwaka 2004, vipimo vya setilaiti ya Ulaya iitwayo INTEGRAL na ile ya Marekani iitwayo RXTE vilionyesha kinyume. Baada ya 10, mionzi ya baadhi ya magneta, ikiwemo 4U 0142+61, inaanza kupanda tena, inapita 50, inapita 100. Nguvu iliyomo kwenye mkia huo wa eksirei kali inaweza kulingana na ile ya eksirei laini, hata kuizidi.

Joto haliwezi kueleza hilo. Kupata eksirei kali namna hiyo kwa joto tu, uso mzima ungehitaji kuwa moto mara nyingi zaidi ya ulivyo.

Maelezo yenye nguvu zaidi leo, yaliyofanyiwa hesabu na Andrei Beloborodov mwaka 2013, yanaanzia nje ya nyota, kwenye nafasi inayoizunguka. Ganda linapojipinda, linaisokota pia sumaku iliyo nje, kama kamba inavyosokotwa. Sumaku iliyosokotwa lazima ipitishe umeme. Basi elektroni, pamoja na pacha zao zenye chaji ya kinyume ziitwazo positroni, zinakimbia kwenye matao makubwa kutoka upande mmoja wa nyota hadi mwingine kwa kasi inayokaribia ya mwanga. Eksirei laini ikitoka kwenye uso inakutana na elektroni hiyo njiani. Mpira unaobingirika polepole ukikutana na mchezaji anayekuja mbio, unaondoka kwa shuti. Eksirei laini inaingia, eksirei kali inatoka.

Sehemu moja haijafungwa. Mkia huo lazima ukatike mahali fulani, vinginevyo nyota ingekuwa inatoa nguvu isiyo na mwisho, na wapi hasa unakatika bado panajadiliwa.

Je, zinatudhuru?

Hapana. Nyota yetu ya 4U iko mbali kiasi kwamba mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka elfu kumi kufika hapa, na hata hizo eksirei chache zinazofika zinaishia juu hewani. Picha moja ya kifua hospitalini inakupa eksirei ambazo nyota hii haitakupa maisha yako yote.

Kuna jambo moja tu ambalo magneta zimewahi kulifanya duniani likapimika, na linatuhusu sisi watu wa redio.

Msikilizaji wa kijijini anajua kwamba redio za mbali za masafa ya kati husikika vizuri usiku, kisha jua likipanda zinapotea. Sababu ni tabaka la juu la hewa liitwalo ionosfia. Mchana mionzi ya Jua huongeza chembe za umeme sehemu ya chini ya tabaka hilo, na hizo hunyonya mawimbi ya redio. Usiku zinapungua, mawimbi yanapanda hadi juu, yanaakisiwa na kurudi ardhini mbali sana. Tarehe 27 Agosti 1998 magneta inayoitwa SGR 1900+14 ililipuka, na juu ya Bahari ya Pasifiki, ambako ilikuwa usiku, sehemu ya chini ya ionosfia ikashuka kutoka kilomita 85 hivi hadi 60, kama ilivyo mchana. Kwa dakika chache usiku uligeuka mchana kwa mawimbi ya redio. Hakuna aliyeumia. Mitambo ya kupokea mawimbi ya masafa marefu ndiyo iliyotoa taarifa.

Mlipuko mkubwa zaidi ulifika tarehe 27 Desemba 2004, kutoka SGR 1806-20. Kwa muda usiofika nusu sekunde nyota hiyo ilitoa nguvu ambayo Jua letu lingehitaji makumi ya maelfu ya miaka kuitoa. Kwa saa zetu ilikuwa saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 28. Siku hiyo magneta hiyo ilikuwa upande mmoja na Jua, kwa hiyo Afrika Mashariki, iliyokuwa katikati ya usiku, ilikuwa imeipa mgongo kabisa na dunia nzima ikiwa kinga yetu. Kilichokuwa juu ya vichwa vyetu ni mwezi, uliokuwa umetoka tu kuwa mpevu. Setilaiti moja ya Urusi iliyokuwa imekingwa na dunia kama sisi iliupata mlipuko huo kwa njia ya mwezi: eksirei kali ziligonga uso wa mwezi, zikaakisiwa, zikaja upande wetu.

Tarehe hiyo ilizua maneno. Tsunami ya Bahari ya Hindi, iliyofika hadi pwani ya Tanzania na kuua watu, ilikuwa tarehe 26 Desemba 2004, na wapo waliounganisha mambo hayo mawili. Ratiba yenyewe inakataa. Tetemeko lilitokea asubuhi ya tarehe 26, na mionzi ya magneta ilifika zaidi ya saa arobaini baadaye. Tetemeko lile lilitokana na miamba iliyoteleza chini ya bahari karibu na Sumatra. Ukikutana na ujumbe wa simu unaodai kwamba nyota ilileta tsunami, unaweza kumjibu aliyeutuma kwa tarehe hizo.

Malindi ya leo

Roketi ya mwisho kuondoka Ngomeni ilirushwa mwaka 1988. Majukwaa yakanyamaza. Lakini upande wa nchi kavu, karibu na Malindi, Wataliano wana kituo chenye masinia makubwa ya kupokea mawasiliano ya setilaiti, na kazi ya magneta ikaendelea kupitia hapo.

Mwezi Juni 2012 NASA ilirusha NuSTAR, darubini ya kwanza angani iliyoweza kukusanya eksirei kali na kutengeneza picha iliyotulia, kuanzia kiwango cha 3 hadi 79. Eksirei kali haziakisiki kwa kioo cha kawaida, zinakipenya. Ikabidi zipitishwe kwenye vioo vyembamba vilivyopangwa kama maganda ya kitunguu, ziparaze tu, kisha zikusanyike mita kumi nyuma yake. NuSTAR inazunguka karibu na ikweta, kwa sababu ileile ya Uhuru. Kila mzunguko inapita karibu na anga letu, na Malindi ndicho kituo chake kikuu cha kushushia data. Vipimo vyake vya mkia wa 4U 0142+61, nyota ya orodha ya Uhuru, vilishuka karibu na pale Uhuru ilipoondokea.

Kisha ikaja IXPE, ya NASA na shirika la anga la Italia, nayo ikizunguka juu ya ikweta na kushusha data Malindi. Ilirushwa kutoka Florida saa tatu asubuhi kwa saa zetu, tarehe 9 Desemba 2021, siku ambayo Uwanja wa Uhuru wa Temeke ulikuwa na sherehe za miaka 60 ya uhuru wa Tanganyika. Hakuna aliyepanga hivyo, ila sadfa imeangukia pazuri.

IXPE inapima mwelekeo wa mtikisiko wa eksirei. Funga kamba kwenye nguzo na uitikise: unaweza kuitikisa juu na chini, au kushoto na kulia. Eksirei nazo zina mtikisiko wa namna hiyo. Magneta ya kwanza kupimwa ilikuwa 4U 0142+61, na matokeo yalitangazwa mwaka 2022. Eksirei zake laini zaidi zilikuwa zinatikisika upande mmoja, na zile kali zaidi ya hizo zilikuwa zimegeuka nyuzi 90, msalaba kamili. Watafiti waliona kwamba hilo linalingana na nyota yenye uso mtupu, ganda gumu lisilo na hewa juu yake, kwa kuwa sumaku imeigandisha hata gesi iliyopaswa kuwa angahewa yake. Eksirei za kiwango cha juu zingekuwa zile zilizokwisha kupigwa shuti na elektroni kwenye sumaku iliyosokotwa.

Tuseme na upande wa pili. Kwa miaka mingi wakazi wa Ngomeni na Malindi wamelalamika kwamba kituo kipo kwao lakini faida hawaioni, iwe kwa ajira au kwa elimu ya watoto wao. Kenya na Italia zilitia saini mkataba mpya mwaka 2016. Malalamiko hayo tunaona yana msingi: jina la Uhuru lilitolewa kwa shukrani, na shukrani ya jina pekee haijengi darasa.

Ukitaka kuitazama

Nyota yenyewe huwezi kuiona kwa macho, lakini mahali ilipo unaweza kupaona, na walio vijijini wana nafasi nzuri kuliko sisi wa Dar es Salaam wenye taa za barabarani.

Subiri siku za tarehe 9 hadi 12 Desemba, ambamo zimo siku za uhuru wa Tanganyika, Zanzibar na Kenya. Saa tatu usiku, mbingu ikiwa haina mawingu, simama ukitazama kaskazini mahali pasipo na miti mirefu wala mlima. Nyoosha mkono, pima ngumi mbili kutoka upeo wa macho kwenda juu. Ukiwa kusini, tuseme Songea, itakuwa chini kidogo ya hapo. Ukiwa Bukoba itakuwa juu zaidi. Utaona nyota tano zilizojipanga kama herufi M. Kundi hilo huitwa Kasiopea. Chukua mguu wa kulia wa M, zile nyota mbili za mwisho upande wa mashariki. 4U 0142+61 iko katikati ya hizo mbili.